Nilivyousingizia Mto

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha moyo unaniuma. Nilikuwa juu ya dungu kijijini Hewani, kando ya mto, kile kilingo cha miti tunachojenga shambani ili tuamie ndege wasiumalize mpunga. Ulikuwa mwaka ule Wadachi, hao Wajerumani, walipoondoka Witu na bendera yao, nami ni mke kijana, mwepesi wa ulimi na mzito wa kufikiri. Kundi la ndege likashuka. Nikainuka ghafla, nikazungusha teo langu la kurushia mawe, na shamba zima likazunguka nalo. Jiwe, badala ya kuwaendea ndege, likarudi nyuma likampiga mama mkwe mguuni, naye anaokota kuni zake hana habari.

Nikaikumbatia nguzo, nikateremka polepole. Mama mkwe akaja akichechemea, akauliza nina nini. Nikamwambia ni mto. Enzi zetu watu walisema ukikodolea macho maji yanayokwenda kasi, yanakuchukua kichwa. Uongo huo ulikuwa tayari kinywani mwa watu, mimi niliuokota tu.

Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa na mimba ya miezi mitatu na sikumwambia mtu, hata mume wangu. Mwaka uliotangulia mimba yangu ya kwanza ilitoka baada ya mimi kuitangaza kwa kijiji kizima. Maneno niliyoyasikia baadaye, acha tu. Safari hii nikaapa nitanyamaza mpaka tumbo lijisemee lenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi nilijiona mjanja kuliko wahenga.

Basi uongo ukanishika mwenyewe. Ili nionekane msema kweli nikaacha kwenda mtoni. Maji akaniletea wifi yangu, nami kwa kuona haya kumchosha nikanywa mafunda mawili matatu kutwa. Alfajiri chakula kilinichefua, kwa hiyo nilikwenda kuamia ndege na tumbo tupu. Siku ya nne miguu ilikataa kunibeba.

Mama mkwe akamwita Habona, shangazi wa mume wangu, mkunga aliyeitwa hata na watu wa kijiji cha Idsowe. Nilijua nitakaripiwa. Kumbe Habona alikuwa mtu wa kuuliza, na akiuliza anangoja jibu, huo ndio uliokuwa ukali wake. Hakunishika tumbo wala hakuchemsha majani. Alitaka nikamwonyeshe dungu. Tulikwenda polepole, nikimwegemea, akaketi chini yake na kuniuliza nilikuwa nimeelekea wapi kizunguzungu kiliponijia. Nikamwonyesha. Akatazama upande ule, kisha akageuka akatazama nyuma.

"Mkaza mwanangu, mto ulikuwa mgongoni pako," akasema. "Umekuzungusha vipi nawe hukuutazama?"

Hakucheka. Alichorachora udongo kwa kidole.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Aliniambia ni jua tu. Nikamwamini, sikuuliza mara ya pili. Alianguka njiani, mja mzito, peke yake, na kuni kichwani. Tulimkuta jioni."

Hapo nililia, mwanangu, nikamwambia yote, na jinsi nilivyoogopa kumpoteza na huyu.

Unadhani alinipa dawa? Alinipa kazi ya ajabu. Siku tatu nijichunguze, nimwambie nilikuwa nafanya nini kila kizunguzungu kilipokuja. Mimi nami nikaingiwa na hamu ya kujua, hata hofu ikapungua. Nikagundua kinapenda nikiinuka kwa pupa. Kinapenda njaa. Jua likipanda nami sijanywa maji, hakikosi. Nikiketi kwanza, nikangoja kidogo ndipo nikasimama, mara nyingi kinanipita. Nilimuuliza Habona kwa nini. Akasema damu sasa ina watu wawili wa kuwalisha, yaliyobaki hayajui. Mkunga mkubwa vile kusema hajui! Nilimpenda zaidi.

Dungu nikakatazwa, ndege akawaamia mume wangu. Mimba ile ikakaa. Mtoto alilia kabla Habona hajamshika vizuri, na Habona akalia naye.

Sasa nakuona wewe unashika ukuta ukiinuka, na nikikuuliza wasema umechoka tu. Sikuamini, nitauliza tena. Usitoke bila kutia kitu tumboni, hata kipande cha ndizi. Kunywa maji, usiyaonee haya. Kula mboga za majani, kula samaki. Kichwa kikizunguka keti papo hapo, hata kama ni njiani na watu wanatazama, kisha ulale ubavu. Ukizimia, ukiona damu, au kichwa kikiuma na macho yakaingia kiza, usingoje kesho wala usinifikirie mimi nimelala, piga kelele tukupeleke kwa wanaojua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maisha ni mawili.

Mwenyezi Mungu akutie nguvu miguuni, mwanangu, akufikishe siku yako salama umpakate mwanao. Nawe ukiwa mzee, akujalie usiridhike na jibu la kwanza la binti yako.