Elkanah Dresa na Daftari la Sindano

Nimetembea sana, kutoka Ogwedhi mpaka ziwani, lakini mtu wa kuhesabu kama Elkanah sijamwona tena. Alikuwa dresa wa zahanati ndogo upande wa Lambwe, miaka michache baada ya Uhuru. Kazi yake kuosha vidonda, kutoa vidonge na kudunga sindano.

Enzi zile watu walipenda sindano kuliko chakula. Walikuwa wameona buba, vile vidonda vya ngozi, ikikauka kwa sindano moja, basi wakaamini kila ugonjwa unakauka hivyo: mafua, mgongo wa kulima, hata uchovu. Ukipewa vidonge tu, unarudi nyumbani ukilia hukutibiwa. Elkanah naye alidunga, lakini kila mgonjwa alimwandika kwenye daftari, na siku aliyopona.

Mvua ya Aprili ikakata barabara. Lori la dawa kutoka Homa Bay halikufika mwezi mzima, dawa ya sindano ikaisha. Wenye mafua akawapa asprini na maji mengi, akawaambia wapumzike, huku anaandika. Lori lilipofika, akasoma daftari lake na kushangaa: mafua yalikuwa yamepona kwa siku zile zile kama ya waliodungwa, na yale majipu ya matakoni yanayoletwa na sindano hayakuwepo hata moja. Tangu hapo akawanyima sindano wasioihitaji.

Wee! Watu wakaenda kwa chifu. Barazani Leonida, mama mkulima mwenye sauti ya filimbi, alisimama wa kwanza.

"Chifu, huyu ni bahili wa dawa ya serikali. Ahamishwe!"

"Ahamishwe!" wakaitikia.

Chifu akamgeukia Elkanah. "Dresa, jitetee, ama kesho ufunge mizigo."

Elkanah hakubishana. "Mama, mafua ya Machi nilikudunga. Ulipona siku ya ngapi?"

"Ya tano."

"Na ya Aprili, bila sindano?"

Akahesabu kwa vidole. "Ya tano. Lakini hayo yalikuwa mafua madogo!"

Mzee Fanuel akadakia kutoka nyuma, "Na lile jipu lililokusimamisha ibada nzima, lilikuwa dogo pia?"

"Nyamaza, Fanuel! Wewe si ulilala kifudifudi wiki mbili?"

Baraza zima likaangua kicheko. Elkanah akangoja watulie. "Walioota jipu Machi baada ya sindano, naomba msimame." Wakasimama kumi na mmoja, wakitazamana kwa aibu, kisha wakaketi. "Na Aprili?" Hakuna aliyenyanyuka.

Leonida alikuwa bado wima. "Sasa nikija na mgongo wangu, utanipa nini?"

"Nitakukanda kwa maji moto, mama."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akaketi. "Basi abaki, tumwone."

Chifu akakubali. Jumatatu Leonida alikuwa wa kwanza mlangoni, akikandwa na kulalamika, "Juu kidogo, nyathina, mwanangu, juu!" Katikati akaingia mama mmoja, Priscah, na mtoto anayehema kwa homa ya mapafu. Leonida mwenyewe akanyanyuka kumpisha. Mtoto akadungwa papo hapo, na dawa ya siku zote zilizofuata ilikuwepo kabatini, kamili, kwa kuwa haikumalizwa kwa mafua, mpaka akapona.