Baba na Mji Usio na Huzuni

Baba yangu alikuwa mtu wa kupenda kueleza. Kabla vita havijatutoa Masisi, mashariki mwa Kongo, alifundisha falsafa katika shule ya sekondari, na hata ukimwuliza chumvi iko wapi angeanzia kwa Wagiriki wa kale. Tulipokimbilia Mubi, mji wa machimbo, shule yake ilibaki nyuma, lakini mdomo wake tulikuja nao.

Mdomo huo ndio uliotulisha. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo alikuwa na chumba cha video nyuma ya duka lake, na ndani yake katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kifaransa. Wachimba madini na madereva wa malori walizipenda sana, ila Kifaransa kiliwapiga chenga. Basi Baba alisimama kando ya televisheni, fimbo mkononi, akitafsiri kwa sauti ya kuishinda jenereta. Sijapata kusikia mtafsiri mbaya kama yeye. Ukitokea mji wenye ukuta mrefu na watu wasiojua nje kuna nini, alisimamisha picha na kusimulia kisa cha wale Wagiriki wake, cha wafungwa wa pangoni wanaodhani vivuli ndiyo dunia.

"Hawa Wajapani walisoma filozofia yetu!" alisema, amefurahi kama mwalimu aliyekutana na wanafunzi wake sokoni.

"Mwalimu, acha picha itembee!" watu walipiga kelele.

"Watu wanalipa juu ya kuona vita, hapana masomo," mwenye duka alinung'unika. "Na mafuta inaisha."

Nilimwonea aibu, na nilimpenda mno.

Mama hakuingia kamwe. Aliuza mandazi mlangoni, ameipa picha mgongo. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikufa kwa homa tukiwa njiani kutoka Masisi, na tangu tulipomzika Mama hakumtaja tena. Tukimtaja sisi, alichukua kidumu akaenda kuchota maji. Baba, mwenye maneno ya kila kitu, hakuwa na neno la kumfungua mkewe, na jambo hilo lilimla moyo. Aliniambia mwenyewe kwamba anaogopa Mama ataondoka kidogo kidogo tukimwangalia.

Jumapili moja baada ya misa, ilionyeshwa katuni ya mji ambao wakubwa wake walimpa kila mtu dawa asubuhi ili asahau wafu wake. Mji ulikuwa safi, hakuna aliyelia, hakuna aliyegombana. Msichana mmoja akakishika kikombe chake, akasita. Baba akasimamisha picha, na safari hii hakuna aliyelalamika.

"Munaona? Hii ni swali ya zamani sana," alisema. "Muntu mwenye hana huzuni hata kidogo, iko muntu bado?"

"Mimi ningekunywa, Mwalimu," alijibu dereva mmoja wa lori. "Tena kikombe mbili."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kubishana, huyu angekunywa, yule angemwaga. Mwenye duka mwenyewe alisahau mafuta yake.

"Mimi hapana."

Ilikuwa sauti ya Mama. Alikuwa amegeuka, anamtazama yule dereva.

"Kaka, mutoto wangu nilimuzika kando ya barabara. Sina foto yake. Anabakia tu mu kichwa yangu. Nikikunywa ile dawa, ataenda kuishi wapi?"

Dereva alivua kofia.  Baba akaweka fimbo chini, akapita katikati ya mabenchi, akaenda kuketi kizingitini ubavuni mwa Mama. Nami nikawafuata, nalia bila kujificha.

Mama alilitaja jina la mdogo wangu. Kisha akaanza kutusimulia alivyokuwa akiogopa bata, alivyokataa kulala bila kushika sikio la mtu, na Baba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisikiliza mpaka mwisho.