Kanyaga, Ushikilie

Mama Mado wa Kolwezi hulala ndani ya magari ya watu, na watu humshukuru kwa hilo. Mafundi wengine hutega sikio, wengine hunusa. Yeye huketi kwenye kiti cha dereva, huweka mguu juu ya breki, hufumba macho na kuacha usingizi uje taratibu. Marehemu mumewe Kankolongo, aliyemfundisha kazi, alimcheka miaka yote kwa tabia hiyo. Acheke tu huko aliko, magari yalipona.

Ijumaa ile gari liliingia uani bila sauti hata kidogo. Mama Mado alijua lipo pale tu kuku walipotawanyika. Lilikuwa dogo, jeupe, la umeme, na aliyeliendesha ni Abibu, kijana Mwislamu, muuza vitenge wa Tenke. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumwoa Tshibola, kitinda mimba wa Mama Mado, na kuondoka naye kwa gari hilohilo, aliloazimwa na mjomba wake.

Abibu alishuka akasimama mbali, karibu na pipa la maji, macho chini. Watu wake walitoka mashariki, lakini Tshibola alikuwa amemfunda: kwa Baluba, mkwe hamkaribii mama mkwe, hamtazami usoni, wala hampazii sauti.

"Mama, freni inazama," alisema, akiliambia pipa. "Leo asubui ku mutelemuko nilikanyaga, mguu ikaenda paka chini. Nilisimamisha na freni ya mukono."

"Na jana?"

"Jana haikukuwa na kitu. Courant ilirudia usiku, njo nikajaza batri yote."

Mama Mado akaguna. Gari la umeme lina ujanja wake: ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, mota yenyewe hulizuia na kurudisha umeme kwenye betri, hata dereva akasahau kwamba kuna breki. Lakini betri ikijaa pomoni, umeme huo hauna pa kwenda, mota haizuii tena, na kazi yote inaachiwa breki. Na Kolwezi, umeme ukirudi, kila mtu hujaza kila kitu kabla haujakatika tena. Kumbe ugonjwa ulikuwepo siku nyingi, umejificha tu.

Tusifichane: Mama Mado alifurahi. Tangu posa ije alikuwa akitafuta sababu ya kukataa, asiipate. Kijana hanywi, hagombi, anasalimia vizuri. Dini ilimsumbua kidogo. Tenke ilimsumbua zaidi, kwa kuwa nyumba ingebaki na yeye na kuku. Alikuwa amebakiza neno moja, baraka ya mama, ambayo bila hiyo Tshibola hawezi kutoka mlangoni. Na sasa huyu hapa amemletea mwanawe gari lisilo na breki. Akaapa moyoni: kosa likiwa la Abibu, harusi haipo.

Akaingia garini, akakanyaga pedali, akafumba macho.

Hakuna injini ya kutetemesha mifupa, kwa hiyo usingizi ulimchukua mbali kuliko siku zote. Aliona kilima cha mabaki ya mgodi kikielea kwenye joto, na Tshibola, bado mdogo, akikipanda peku, miguu myeupe kwa vumbi. Alimwita. Mtoto alicheka, akaendelea kupanda, na kila alipopanda kilima kilizidi kuwa kirefu na laini. Kankolongo alikuwa kando, amekaa.

Alipozinduka, mguu wake ulikuwa palepale alipouacha. Pedali haikuwa imeshuka zaidi. Basi hakuna panapovuja. Alipokanyaga mara kadhaa upesi upesi, ikapanda na kukaza; alipotulia kidogo ikalegea tena kama sifongo. Ni hewa ndani ya mafuta ya breki. Lakini iliingiaje?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alifungua magurudumu ya mbele, na macho yake yakapigwa na wekundu. Vile vyuma vinavyobana diski vilikuwa vimepakwa rangi, vinang'aa kama kucha za bi harusi.

"Nani alipaka hii?"

"Ni mi, Mama. Nilitosha zote mbili, nikapaka, nikarudisha. Tshibola anapenda rangi nyekundu. Nilitaka ionekane mu mapicha."

Alikuwa amerudisha cha kushoto kulia, na cha kulia kushoto. Skrubu ya kutolea hewa, ambayo lazima ikae juu kwa sababu hewa hupanda, sasa ilitazama ardhi. Hewa iliyoingia alipofungua mipira ya mafuta ilikwama juu yake, haina mlango.

Kosa lilikuwa la Abibu. Mama Mado aliinua kichwa aseme, akakiinamisha tena. Akaona afadhali atengeneze kwanza, kwani hata adui harudishiwi gari bovu. Akarudisha kila chuma upande wake, akaweka rondelle mpya za shaba, vile vipete vya kuzuia mafuta yasivuje, zilizotoka ng'ambo kuja mji wa shaba, na kufungua chupa mpya ya mafuta. Kazi iliyobaki ilitaka watu wawili.

"Ingia. Kanyaga, ushikilie. Usiachie mbele ya mi kusema. Ukiachia, hewa itarudia."

Yeye chini kwenye gurudumu, Abibu juu kwenye kiti, hawaonani. Shika. Achia. Kanyaga tena. Povu likatoka, likapungua, yakaja mafuta matupu. Akakaza skrubu ya mwisho, akaingia ndani kunawa.

Mlango wa chumba cha Tshibola ulikuwa wazi. Binti alikuwa kwa shangazi akisukwa. Nguo zake zilikunjwa kitandani, tayari kwa safari. Mama Mado aliketi kando ya nguo hizo, akalia. Hakulia kwa ajili ya breki. Mvua ikaanza kupiga bati, akaisikiliza kwa muda mrefu akiyapanga maneno: kijana asiyejua kushoto na kulia hawezi kunilelea mtoto. Akatoka nayo mdomoni.

Mlango wa gari ulikuwa wazi, mvua inaingia. Abibu alikuwa ndani bado, shati limemganda mwilini, mikono miwili inakandamiza goti, mguu usiinuke.

"Unafanya nini humo?"

"Nashikilia, Mama. Haukusema niachie."

"Na haukuniita?"

Abibu aliutazama usukani. "Mi niite mama-mukwe kwa nguvu, mu nyumba yake?"

Maneno yote yaliyopangwa yakampotea Mama Mado, na aibu ikamshika, na baada ya aibu, upendo. Akainama ndani ya gari, karibu kuliko mila inavyoruhusu.

"Achia, mutoto wangu," alisema. "Achia. Kesho utamubeba Tshibola."

Mguu ulikuwa umekufa ganzi, ukakataa kuondoka. Mama Mado akauinua mwenyewe, kwa mikono yake miwili.