Mkwe Wangu Aitwa Makoto

Binti yangu aliporudi kwetu Ibra, hapa Omani, kutoka masomoni Japani, alituletea mposaji. Kijana alikwishasilimu zamani, mpole, na shikamoo alikwishajifunza. Shida ilikuwa jina lake, Makoto. Shangazi yangu alisikia "makuti", akaninong'oneza kuuliza ni mzazi gani huyo aliyempa mwanawe jina la vitu vya kuezekea.

Mume wangu alikwishafariki, kwa hivyo walii wa kumwozesha binti ni ami yake, anayekaa Nizwa. Huyo alikubali posa, lakini alitaka jina libadilishwe kabla ya milka, siku ya kufunga ndoa. Kijana akasema yuko tayari, hapendi kumuudhi mtu. Ila nilimwona akiinama, kahawa ikimpoa mkononi.

Nikamuuliza, binti akitufasiria, nani aliyempa jina lile. Akasema babu yake. Kwa lugha yao ya kale, "ma" ni kweli, na "koto" ni neno, au jambo. Akaomba kalamu, akaliandika juu ya boksi la kleneksi kwa herufi moja ya kwao: upande mmoja wa herufi alama ya kusema, upande wa pili alama ya kutimia. Wengine huliandika kwa herufi nyingine, lakini babu yake alichagua hiyo, ya mtu ambaye akisema, hutimiza.

Asubuhi yake nikamwambia binti anipeleke Nizwa. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema basi aitwe Swadiki, kwani maana ni ile ile.

"Kama ni ile ile, shemeji," nikamwambia, "tunabadilisha nini?"

Akasema watu watacheka. Nikamjibu kwamba sisi tulipokuja kutoka Unguja walikicheka Kiarabu chetu, na bado tupo. Nikamwambia pia siondoki pale mpaka aulizwe sheikh.

Akampigia simu sheikh wake, mbele yangu. Sheikh aliuliza jambo moja tu, maana ya jina. Alipoelezwa, akasema jina lenye maana njema halina haja ya kubadilishwa. Shemeji akaweka simu.

"Haya," akasema. "Nifundishe kulitamka."

Siku ya milka wanawake tulikaa chumba cha pili, mlango wazi kidogo. Nikamsikia shemeji akilitaja jina mbele ya wanaume wote, polepole, kipande kwa kipande, bila kukosea. Hakuna aliyecheka. Binti yangu akanishika mkono, akaufinya mpaka pete yangu ikaniuma.