Nyota Yenye Mwaka wa Siku Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Geita, Mkuu wa Maabara hakunionyesha dhahabu. Alinisimamisha mbele ya mashine yenye mwali mwembamba wa moto, na ng'ambo ya mwali kulikuwa na taa ndogo inayowaka.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Moto, mkuu."

"Moto hata mpishi anauona. Wewe tazama mwanga wa taa unaopita ndani yake. Ukipungua, ujue kuna dhahabu imeumeza. Hapa tunapima kilichokosekana."

Jiwe lilisagwa, likachomwa tanuruni, punje iliyobaki ikayeyushwa kwa tindikali, na maji yake tukayanyunyiza kwenye mwali. Kila kundi liliandamana na sampuli tupu, yaani maji yaliyotayarishwa vilevile ila hayana jiwe ndani. Mashine ikisema sampuli tupu ina dhahabu, basi inadanganya; pengine chombo cha kioo kina uchafu tu.

Nilipohamishiwa maabara ndogo ya Rwamgasa, chini ya Msimamizi wa Zamu aliyependa foleni fupi kuliko kitu kingine chochote, siku moja niliiruka sampuli tupu. Karatasi yangu ikamwambia Masanja, mchimbaji mdogo, kwamba jiwe lake lina dhahabu nyingi. Akachimba duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, kiangazi kizima, asipate kitu. Nilimweleza nilichokiruka. Hakufoka. "Mama Kabula," alisema, "kumbe tulikuwa tunachimba karatasi yako." Akaacha machimbo, akaenda Kharumwa kulima mpunga. Niliona aibu, na aibu hiyo nilistaafu nayo.

Nami nilihamia Kharumwa baada ya kustaafu. Mpangaji wangu, Mwalimu Neema, anafundisha fizikia sekondari. Klabu yake hupokea picha kutoka darubini iliyo nchi ya mbali, wanafunzi wakapima mwanga wa nyota moja. Ni nyota kibete ya rangi ya chungwa, ndogo kuliko jua letu na joto lake ni pungufu. Ina sayari jitu, ukubwa kama wa Mshtarii, inayoizunguka kwa karibu mno hata mwaka wake ni siku tatu. Kwa kalenda ya huko ningestaafu kabla sijamaliza kuota meno.

"Nani ameiona?" nikauliza.

"Hakuna, Mama. Ikikatiza mbele ya nyota, mwanga unapungua kidogo. Ndivyo tunavyojua ipo."

Nilicheka. Kumbe kazi yangu ilikuwa na ndugu huko juu. Maswali yakanijaa: jitu kama hilo limefuata nini karibu na moto? Mwalimu akasema wataalamu wanadhani lilizaliwa mbali, likasogea, lakini hakika hawana.

Mkuu wa shule alikuwa amesema klabu isipoonyesha kitu kwenye kikao cha wazazi siku ya Ijumaa, chumba chao kitakuwa stoo. Jumanne asubuhi Mwalimu akaniletea mchoro. Mstari wa mwanga ulikuwa umebonyea saa ileile waliyoitazamia. Akaniomba niweke sahihi kama mkaguzi.

"Sampuli tupu iko wapi?"

"Nyota haina sampuli tupu, Mama."

"Inayo. Pimeni nyota ya jirani."

Wakapima. Jirani naye alikuwa amefifia. Wingu jembamba lilikuwa limepita mbele ya darubini, na kama sayari nayo ilipita, hatukuweza kuitenganisha. Mwalimu alilia. Nilimwonea huruma sana, lakini sikusaini.

Uzuri wa mwaka wa siku tatu ni kwamba hausubirishi. Picha nyingine zilifika Ijumaa saa moja asubuhi, kikao kikiwa saa nne. Nyota ya chungwa ilipungua, jirani yake akatulia tuli. Nikasaini.

Chumba kilibaki cha klabu. Watu walipokuwa wakitawanyika, mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake alinisogelea. Alikuwa Masanja.

"Mwangaluka, Mama Kabula," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee wangu."

"Na hii umeipima pamoja na ile tupu?"

"Nimeipima."

Akapitisha kidole pale mstari wa mchoro ulipobonyea.

"Kama isingekuwa mbali hivyo," akasema, "ningekwenda kuichimba."