Nyayo za Rangi Chini ya Kikapu

Filimbi ya chuo chetu ni moja, na mimi ndiye ninayeiosha. Kocha wa mpira wa kikapu akifukuzwa, anairudisha stoo kwangu, naisugua kwa sabuni na maji ya moto, namkabidhi anayefuata. Kwa miaka sita nimeiosha mara tano. Karo langu la stoo limewajua makocha vizuri kuliko mkuu wa chuo.

Huyo wa tano wachezaji walimwita Taratibu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, goti la kushoto bovu, baba wa mapacha, na kila asubuhi alinipa shikamoo yangu hata baada ya timu kufungwa vibaya. Siku aliyofika aliniomba rangi na brashi. Akapiga magoti kwa taabu, akachora nyayo sakafuni chini ya kikapu: nyekundu za Mrefu, za kijani za nahodha, kila mchezaji na zake. Miezi mitatu vijana hawakurusha mpira hata mara moja, walikanyaga tu. Nikamuuliza kama anafundisha kikapu au dansi. Akacheka, akasema mikono wanayo, ila miguu haijui iende wapi, na miguu inataka misimu miwili.

Kamati ya michezo aliiambia hivyo hivyo siku ya kuajiriwa. Misimu miwili. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mimi ndiye niliyepeleka chai, niliwaona kwa macho yangu.

Msimu wa kwanza walipigwa. Kwa pointi arobaini na moja, thelathini, ishirini na mbili, tisa. Mechi ya mwisho walifungwa kwa pointi tatu tu. Mtu mwenye akili timamu angeona kitu hapo. Kamati iliona vipigo vitano. Mwenyekiti wao, ambaye hajawahi kushika mpira na tumbo lake humtangulia mlangoni hatua nzima, ndiye aliyesema kocha hana kasi.

Siku ya Ijumaa wakamwita mbele yao. Mlango ulikuwa wazi, nami nimesimama nje na birika langu.

"Nipeni huo msimu wa pili tuliokubaliana," alisema. "Nikishindwa, nitaondoka mwenyewe."

"Chuo hakina muda wa kusubiri," mwenyekiti akamjibu.

Chuo hicho hicho ambacho choo chake cha ghorofa ya pili kinamsubiri fundi mwaka wa tatu huu.

Mchana akaniletea filimbi. Jumatatu nikaagizwa nifute nyayo, eti zinachafua sakafu. Nilipaswa kukataa, na sikukataa. Nilipiga magoti pale pale alipopiga yeye, nikasugua kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Nilimchukia mwenyekiti, lakini siku ile nilijichukia mwenyewe zaidi.

Kocha mpya alikuja na miwani ya jua na maneno mengi. Msimu ulipoanza, timu ikashinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi fainali, iliyochezwa ukumbini kwetu. Sekunde za mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Mrefu akapokea mpira chini ya kikapu. Mimi niliangalia miguu yake. Akakanyaga kushoto, akageuka, akatua pale palipokuwa na nyekundu. Napajua, kwa sababu nilipasugua mimi. Mpira ukaingia.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akamsifu kocha mpya kwa kuijenga timu ndani ya miezi minne. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikunja mikono, jirani yangu akadhani naumwa.

Nikatoka nje nikampigia Taratibu. Alikuwa shuleni kwake, wakati wa mapumziko. Nikamwambia wameshinda, na matusi ya kumtukana mwenyekiti nilikuwa nimeshayapanga mdomoni. Hakuuliza wameshinda kwa ngapi.

"Mrefu alitanguliza mguu gani, Mama Stoo?"

"Wa kushoto."

Nilisikia kelele za watoto nyuma yake. Akasema ni vizuri, na akaniomba nimwambie kijana asiuharakishe ule wa kulia.