Maua Yaliyomtangulia Mama

Leo maua mekundu nusura yamrudishe mke wangu Atieno kwao Kadem.

Mvua zimeanza Karungu. Kila mtu anajua: mama mwenye boma hutangulia kupanda, wake za wanawe hufuata.

Mama yangu akafika, jembe begani, akayaona maua hayo yamechanua mlangoni petu.

"Nyar Kadem! Binti wa Kadem, umepanda kabla yangu?"

Nikaacha taipureta nikatoka kumtetea. Hakuna aliyenisikiliza.

Atieno akachimbua tunguu moja la maua hayo, kubwa kama ngumi. "Mama, nililipanda mwaka jana. Kiangazi chote lililala. Mvua ndiyo imeliamsha."

Mama akaligeuza, akalinusa.

"Basi nipe. Leo naanza na hili."

Sasa wake za kaka zangu wamejaa mlangoni. Kila mmoja anataka tunguu lake kabla ya kugusa mahindi.

Kwenu mnaanza na nini?